Mwalimu mkuu anataka mwanangu awe mfano mbele ya wazazi wote. Nikubali?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro mjini. Mkubwa ni binti, yuko darasa la sita. Mdogo ni wa kiume, ana miaka tisa, yuko darasa la tatu katika shule hiyohiyo ya serikali. Huyu mdogo ana usonji, ile hali ya ubongo kufanya kazi kwa namna nyingine ambayo kwa Kiingereza huitwa autism. Tuliambiwa alipokuwa na miaka minne, baada ya kuzungushwa sana. Kwanza tukaambiwa ni masikio, kisha degedege, halafu mama mkwe akasema mtoto kachezewa, tukapelekwa na huko pia. Siku daktari wa hospitali ya rufaa alipotutamkia jina la hali yenyewe, nililia, lakini nilipumua.

Anaongea kidogo, maneno mawili matatu, na mara nyingi anarudia ulichomwambia. Lakini mpe kalamu. Atakuchorea kila basi linaloingia stendi ya Msamvu, na rangi zake, na namba zake, na atakuandikia linaondoka saa ngapi. Hesabu za kujumlisha anawapita wenzake. Darasa lao lina watoto zaidi ya themanini na mwalimu wao anajitahidi, simlaumu. Kuna binti anakaa naye dawati moja, huyo kabla kengele haijagongwa humgusa bega na kumwonyesha azibe masikio. Hakuna aliyemfundisha.

Shida kubwa ni kelele. Kengele ya shule ni rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwarobaini, karibu kabisa na dirisha la darasa lao. Na mstarini zinapigwa ngoma za paredi. Mwezi uliopita ngoma zilipoanza alichomoka akakimbilia getini. Kijana mmoja wa darasa la tano akamkumbatia kwa nguvu ili asitoke barabarani, naye akamng'ata mkono hadi damu. Mama wa yule kijana akatuma picha ya mkono kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mwingine akatuma picha ya mwanangu akiwa chini anapiga kelele. Maneno yaliyofuata siwezi kuyaandika yote. Ana mashetani. Apelekwe shule za watu kama yeye. Mama yake alimpa chanjo ndiyo maana. Mtoto wangu asikae naye darasa moja.

Mwalimu mkuu ni mtu mwema, hilo nalisema mapema. Aliniita ofisini akasema njia pekee ya kuzima maneno ni kuelimisha. Mkutano wa wazazi ujao ameuweka karibu na Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani. Anataka kuwe na fulana za bluu, wimbo na ngoma, wanafunzi wafungwe vitambaa machoni na wengine wazibwe midomo ili wajue ulemavu ulivyo. Kisha mimi nisimame na mwanangu mbele, nieleze historia yake tangu kuzaliwa, na wazazi wamkabidhi zawadi.

Mume wangu amekataa katakata. Amesema, "Mwanangu siyo wa maonyesho," na tangu hapo hataki tuizungumze. Binti yangu alilia. Aliniuliza kwa nini wasimuite mtoto wa mtu mwingine. Lakini tangu habari za mkutano zisambae, wazazi kadhaa wamenitumia ujumbe faragha. Mmoja mtoto wake yuko darasa la tano hajui kusoma hata sentensi, na kila siku anachapwa kwamba ni mvivu. Mwingine binti yake ana kifafa na hajamwambia mwalimu yeyote. Wananiambia, "Sema wewe dada, sisi tunaogopa."

Nikikaa kimya naona mwanangu atasukumwa polepole hadi atoke shule. Nikisema, nitakuwa nimemwanika kwa maisha yake yote, na siwezi kumuuliza mwenyewe anataka nini. Nifanye nini, Mama?

Mama wa Wawili, Morogoro


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa yale uliyoyasoma kwenye simu yako. Najua maneno kama hayo mtu huyasoma mara nyingi kuliko anavyotaka, hasa usiku nyumba ikishalala.

Nikikuelewa vizuri, unaombwa usimame hadharani kwa ajili ya mwanao na watoto wengine, na watu wa nyumbani mwako wanakuomba usisimame. Pande zote mbili zina watu unaowapenda. Ndiyo maana kila jibu linaonekana kuwa usaliti kwa mtu fulani. Ila naona katika barua yako mambo mawili yamefungwa kamba moja. Jambo la kwanza ni shule ielewe ulemavu, ielewe na watoto ambao ubongo wao unafanya kazi kwa namna nyingine. Jambo la pili ni kwamba somo hilo lifundishwe kwa kumtumia mwanao. Mwalimu mkuu ameyaleta pamoja kwa nia njema, nawe umeyapokea pamoja. Lakini unaweza kulitaka la kwanza kwa moyo wako wote na bado ukawa na mashaka makubwa na la pili. Na baba yake, nadhani, ni hilo la pili analolikataa.

Nianze na jambo ambalo halisubiri mkutano. Ile picha ya mtoto akiwa chini anapiga kelele iondolewe kwenye kundi. Muombe msimamizi wa kundi, au muombe mwalimu mkuu amwambie. Tangu 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa zinazohusu watoto zimewekwa miongoni mwa zile nyeti. Sisemi ukamshtaki mtu. Nasema huombi hisani ukitaka picha hiyo ifutwe, na wala huhitaji kueleza historia ya mwanao ili ifutwe.

Hapo kwenye hisani ndipo barua yako ilinigusa. Katika maneno yako yote kuna hofu kwamba wazazi wakikasirika, mtoto atatoka. Kana kwamba yuko pale kwa ruhusa yao. Hayuko kwa ruhusa yao, mwanangu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayotambua haki yao ya kusoma pamoja na wengine. Mkataba huo, katika Ibara ya 8, unazungumzia hasa hili analolitaka mwalimu mkuu, yaani kukuza uelewa wa jamii, kuanzia shuleni. Lakini uelewa unaotajwa pale ni wa kuheshimu haki na kutambua uwezo wa watu hawa. Huruma haikuwekwa kuwa lengo. Mzazi anayesimama akijua hivyo huzungumza tofauti na mzazi anayesimama kuwaomba majirani wamvumilie mwanawe. Hata ukiamua kutosimama kabisa, ningependa ulijue hilo moyoni.

Sasa huo mpango wenyewe. Nimeusoma mara kadhaa, na kuna mambo ningependa umuulize mwalimu mkuu kwa upole, maana naamini atasikiliza.

Vitambaa vya macho vinanitia wasiwasi. Mtoto akifungwa macho kwa dakika tano anajifunza woga wa mtu aliyezimikiwa na taa ghafla. Hajifunzi namna asiyeona anavyosoma nukta nundu, yale maandishi ya kugusa kwa vidole, anavyotambua watu kwa sauti, anavyokwenda sokoni na fimbo yake nyeupe. Ataondoka akisema, "Masikini, heri mimi." Watu wenye ulemavu wenyewe wamelilalamikia zoezi hili kwa miaka mingi. Kuziba midomo ndiyo kabisa. Usonji hauko mdomoni. Mwanao ana mengi anayoyasema, anayasema kwa kalamu, kwa kukimbia, kwa kuziba masikio. Halafu ngoma na spika: siku ya kumwelewa mtoto anayeumizwa na kelele ifunguliwe kwa kelele zilezile, naye akiwa mstari wa mbele? Akichomoka tena akakimbia mbele ya wazazi wote, wengi watakumbuka kukimbia kwake kuliko maelezo yako. Sijui kama mwalimu mkuu ameliwaza hilo. Inawezekana hajaliwaza tu.

Umeandika kwamba huwezi kumuuliza mwanao anataka nini. Hapa naomba nikushike mkono kidogo. Mtoto anayeandika ratiba za mabasi ya Msamvu anaelewa mpangilio wa mambo vizuri sana. Mchoree uwanja wa shule, viti vya wazazi, wewe umesimama. Mchoree yeye yuko karibu nawe, kisha mchoro mwingine yeye yuko nyumbani na baba. Mwache ashike kalamu. Huenda akachagua, huenda akaichana karatasi, huenda akachora basi akaondoka. Mara ya kwanza hutapata jibu kamili, na usilazimishe. Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mtoto haki ya kutoa maoni yake, na sioni kwa nini maoni hayo lazima yatoke mdomoni. Wenye ulemavu wana msemo wao duniani kote: hakuna lolote kutuhusu bila sisi. Akiwa na miaka ishirini, hii itakuwa hadithi yake yeye. Ni vipande vipi angependa vijulikane mtaani? Kwamba kelele zinamuumiza, nadhani asingejali. Safari ile ya kwa waganga, au aliacha nepi lini, sidhani.

Kuhusu baba yake, unaandika kama vile amefunga mlango. Nashangaa kama umewahi kumuuliza anaogopa nini. Wapo wanaume wanaoona aibu, sikatai. Wapo pia wanaoogopa kwamba watashindwa kumkinga mtoto wao mbele ya watu, na kwa kuwa hawajui kulisema hilo, wanasema "hapana". Sentensi yake, kwamba mwanawe siyo wa maonyesho, mimi sikuisikia kama ya mtu anayemficha mtoto. Unaweza kumwambia kwamba na wewe hutaki maonyesho, kisha umuulize yeye angependa shule ijue nini. Labda atasema hataki ijue chochote. Basi angalau utakuwa unajua mko mbali kiasi gani.

Na binti yako. Msichana wa darasa la sita anapouliza kwa nini asiitwe mtoto wa mtu mwingine, tunakimbilia kusema anamwonea aibu mdogo wake. Yeye ndiye yuko pale uwanjani wewe ukiwa nyumbani. Ndiye anayesikia kebehi wakati wa mapumziko, na siku ya pili yake baada ya mkutano, wakati wewe umesharudi kwenye shughuli zako, ndiye atakayeulizwa maswali. Pengine anajua kitu kuhusu shule ile ambacho wewe hukijui. Ningemuuliza nani anamsumbua, na anajibu nini. Watoto kama yeye wanahitaji sentensi fupi ya kusema, kama vile "Kelele zinamuuma masikio, mwache kidogo atatulia." Maelezo marefu ya daktari hayamfai uwanjani.

Tuyatazame basi yanayowezekana, na gharama zake.

Unaweza kukubali kusimama, lakini kwa masharti yako. Bila mtoto mbele, bila zawadi, bila ngoma. Uzungumze dakika chache kuhusu hali yenyewe: kwamba mtu huzaliwa na usonji, kwamba malezi hayausababishi wala mashetani hayauleti. Hilo la chanjo usiache kuligusa, maana mzazi mwenye mtoto mchanga anaweza kuliamini akamnyima chanjo ya surua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ukaeneza dai hilo ulifutwa na jarida lilelile lililouchapisha, mwaka 2010, na tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote. Faida ya kusema mwenyewe ni kwamba uvumi unapata mpinzani mwenye uso na jina. Hatari ni kwamba mkutano wa wazazi huwezi kuutawala. Atasimama mtu mmoja mwenye sauti kubwa aseme lake, na ukilia, utakuwa umelia mbele ya watu ambao kesho utakutana nao gengeni. Je, una mtu wa kukaa nawe siku hiyo? Na ikiwa mumeo bado amekataa, je, mnaweza kuibeba siku hiyo mkiwa na ugomvi ndani?

Unaweza pia kupendekeza azungumze mtu mwingine. SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, lipo nchini, na vyama vyake vina watu wazima wanaoweza kuja kusimama mbele ya wazazi na kueleza walivyosoma, nani aliwasaidia, nini kiliwakwamisha. Nadhani mtu mzima mwenye ulemavu anayejibu maswali yake mwenyewe hufundisha zaidi ya fulana za bluu. Amechagua kuja, na atarudi kwake jioni. Ubaya wake ni kwamba anaweza kuja asiyeona au kiziwi, azungumze vizuri sana, na bado wazazi wakaondoka bila kuelewa chochote kuhusu mtoto anayekimbia ngoma. Ulemavu usioonekana kwa macho huachwa nyuma hata kwenye siku zake wenyewe.

Au unaweza kuomba mkutano usubiri, kazi ianzie ndani ya shule. Hapa nakiri moyo wangu unavutwa zaidi, ingawa mimi siyo ninayeishi mtaani kwenu. Rimu ile inaweza kuhamishiwa upande wa pili wa uwanja. Mwanao anaweza kukaa darasani na mwalimu wakati wa paredi, au kusimama nyuma kabisa, akiambiwa mapema kwamba ngoma zinakuja. Watoto wa darasa la tatu wanaweza kupewa nafasi ya kuuliza yale wanayoyauliza kweli: Mbona hasemi? Inaambukiza? Akilia nifanye nini? Wakijibiwa kwa ufupi na ukweli, watayapeleka nyumbani majibu hayo, na wazazi wengi hubadilishwa na watoto wao mezani. Yule binti wa dawati moja ameshawaonyesha walimu kwamba inawezekana. Gharama ya njia hii ni kwamba ni ya polepole, haionekani, na inategemea walimu waliokwisha kuchoka na watoto themanini. Mwalimu mkuu akihamishwa, huenda mkaanza upya. Na kwenye kundi la wazazi maneno yataendelea bila wa kuyajibu kwa muda.

Kukaa kimya mwaka huu nako ni njia, na mama anayeichagua hajawa mwoga. Ila umeona mwenyewe kwamba mahali pasipo na maelezo, watu wamejaza yao.

Kuna mtu mmoja ambaye sijamsahau, yule kijana wa darasa la tano. Alimkimbilia mwanao ili gari lisimgonge, akarudi nyumbani na kidonda. Mama yake alituma picha kwa hasira, na hasira hiyo ina haki ndani yake, hata kama maneno ya wengine hayakuwa na haki. Sijui kama kuna mtu amemshukuru yule kijana. Unaweza kwenda kwao wewe na mumeo, au kwa kuanzia umpigie mama yake simu, useme mtoto wake aliokoa maisha, na ueleze kwamba mtoto mwenye usonji akibanwa kwa nguvu huku amezidiwa na kelele anaweza kung'ata kama anayezama maji, pasipo chuki. Anaweza kukufokea. Anaweza pia kuwa mzazi wa kwanza kukutetea. Hilo hatulijui hadi umekwenda, na si lazima uende ukiwa bado hujapoa.

Mwisho, wale wanaokuandikia faragha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hapo bado hujahesabu kifafa, wala watoto ambao herufi zinawagomea hata wakifundishwa vizuri, kama huyo anayechapwa kwa uvivu. Shule ya msingi ya mjini yenye mamia ya watoto haina mtoto mmoja tu mwenye hali kama hizi. Wanapokwambia "sema wewe", wanakuheshimu, lakini pia wanakutwika mizigo yao juu ya wako. Sidhani unapaswa kuibeba yote. Waulize kama wangekuwa tayari kukaa pamoja kwanza, ninyi tu, barazani kwa mmoja wenu, bila kundi la WhatsApp na bila kutaja majina ya watoto nje ya hapo. Huyo mwenye binti mwenye kifafa hasa asicheleweshe kumwambia mwalimu wa darasa, hata kwa siri, kwa sababu degedege likimshika shuleni lazima kuwe na mtu anayejua kumlaza ubavu, kumwondolea vitu vya kumuumiza na kutomtia kitu chochote mdomoni.

Mkishakaa, mnaweza kumwomba mwalimu mkuu awaandikie ofisi ya elimu ya halmashauri, ambako kuna afisa anayeshughulikia elimu maalum, aje awasikilize kabla ya mkutano mkubwa. Na ikiwa tarehe ya Aprili 2 itakuwa imepita, mkutano wa wazazi utakuwepo tena muhula ujao.